Mwenyeji Wako ni Nani? Mhadhara juu ya Hofu na Usalama Ugenini

Nimeombwa nizungumze juu ya hofu ya kwenda nchi za watu. Nitaanzia hapa hapa Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, kwa sababu hata sisi tuliokaa hapa tunaogopwa na watu walio mbali.

Kwa miaka kadhaa sasa, tahadhari ya usafiri ambayo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huwapa raia wake imekuwa ikiitaja mitaa miwili ya Nairobi kwa jina, Eastleigh na Kibera, kwamba mtu afikiri tena kabla ya kwenda huko, kwa ajili ya uhalifu na utekaji nyara. Haya, toka nje ya ukumbi huu. Ukishika Elgeyo Marakwet unaingia Kilimani, kwenye maghorofa wanakoishi wageni wengi wa mashirika, nyaya za umeme juu ya ukuta na soja wawili getini. Ukishika Joseph Kang'ethe unapita Woodley, unapita Soko la Toi, unatokea Makina, nawe uko Kibera. Ni mwendo mfupi wa miguu. Hakuna ukuta njiani, wala kizuizi, wala kibao cha kukuambia kwamba sasa umeingia penye hatari. Na yule soja wa Kilimani, mara nyingi, Kibera ndiko anakolala. Yaya anayembeba mtoto wa mgeni ametoka huko alfajiri, mpishi vilevile. Mgeni ameambiwa apaogope pale, kisha akawapa watu wa pale funguo za nyumba.

Sisemi Kibera hakuna wakora. Wako, kama walivyo Kilimani, na simu hunyakuliwa kote kuwili. Wala sisemi watu wa hapa hawajui hofu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Soko la Toi liliteketea, na majirani waliokuwa wakikopeshana unga wakakimbiana. Wengine walipata hifadhi katika Uwanja wa Maonyesho wa Jamhuri, hapo mbele kidogo tu, wakalala kwenye mahema huku wakiona kwa macho mitaa yao wasikoweza kurudi. Kwa hiyo mtu akitaka kuzungumza nasi juu ya hofu, asidhani anatufundisha kitu kipya. Ninachokataa ni ile tabia ya kuuliza "Je, nchi ile ni salama?" kana kwamba usalama umemwagwa juu ya nchi nzima kama mvua ya masika, kila mtu akilowa sawa.

Tazameni jinsi tunavyoogopana. Mtu wa Dar es Salaam akija Nairobi, ndugu zake humwusia ashike mkoba kwa mikono miwili na asiongee na mtu River Road. Mtu wa Nairobi akitumwa Johannesburg, mama yake hufunga kula. Mtu wa Johannesburg anaogopa Lagos. Na Mzungu, Mungu amsaidie, anaogopa Afrika nzima kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana ugonjwa ukizuka Liberia watu hufuta safari ya Masai Mara. Kila mji una mji wake wa kuuogopa, na wenyeji wa mji unaoogopwa wanaamka asubuhi, wanachemsha chai, wanapeleka watoto shule.

Hata soko letu la Toi linajua safari. Mnaowafahamu vijana wanaokwenda Minnesota au Kanada mnajua kwamba koti la baridi hawalinunui kwenye maduka makubwa. Wanakuja Toi. Nilimtazama muuzaji mmoja akilifungua koti zito la bluu lililotoka kwenye robota, akaingiza mkono mfuko kwa mfuko, akatoa tikiti ya basi ya mji fulani wa Marekani iliyofifia maandishi, akacheka, "Hili linajua njia ya kurudi." Mnunuzi, kijana wa chuo, hakucheka. Mama yake alikuwa pembeni akimuuliza habari za bunduki za Marekani, na kijana akimjibu kwamba shule anakokwenda haijawahi kutajwa katika habari. Lakini hakuna aliyemuuliza kuhusu barabara yenye barafu, wala kuhusu zamu za usiku katika nyumba za wazee, ambazo vijana wetu wengi huzifanya mpaka wanasinzia kwenye usukani. Bunduki inaonekana kwenye runinga. Usingizi hauonyeshwi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, na tulitazame kwa mfano wa Pwani yetu, kwa sababu kule ndiko tulikoona waziwazi hofu ya msafiri inavyofanya kazi.

Mei 2014, Uingereza ilitoa tahadhari mpya. Ilisema raia wake wasiende, isipokuwa kwa safari za lazima, katika Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa kilomita 5 kutoka ufukweni, kuanzia Mtwapa upande wa kaskazini mpaka Tiwi upande wa kusini. Sikilizeni vizuri mipaka hiyo. Diani, yenye hoteli nyingi kupita zote za kusini, iko baada ya Tiwi. Kwenye karatasi Diani haikuguswa. Uwanja wa ndege wa Moi nao haukuguswa. Lakini wakati huo mgeni wa Diani akishuka Moi alipita kisiwani, akavuka kivuko cha Likoni, akapita Tiwi. Kwa hiyo kampuni kubwa za utalii za Uingereza, Thomson na First Choice, ziliwakusanya wateja wao waliokuwa wamelala kwenye viti vya ufukweni na kuwarudisha kwao kwa ndege. Wengine walishangaa. Walikuwa hawajaona lolote, wakaambiwa wafunge mizigo.

Kwa nini? Watu wengi walisema Waingereza ni waoga. Si hivyo, au si hivyo tu. Serikali ikishasema usiende, bima nyingi za safari hukatika. Bima ikikatika, mgonjwa hana wa kumlipia hospitali, na kampuni iliyompeleka inaweza kushtakiwa. Mwenye kampuni hapimi hatari ya Likoni. Anapima hatari ya mahakama. Hofu ile haikuwa ya moyo, ilikuwa ya mkataba. Siku ileile wageni walipokuwa wakiondoshwa, mabomu mawili yalilipuka katika soko la Gikomba, hapa Nairobi, yakaua watu wasiopungua 10. Waliouawa walikuwa wachuuzi na wanunuzi wa mitumba. Hakuna ndege iliyotumwa kuwaondoa waliobaki. Wangeondoshwa wapelekwe wapi?

Athari yake mnaijua. Watalii wa kigeni walioingia nchini mwaka 2011 walikuwa takriban milioni 1.8, mwaka 2015 walikuwa kama milioni 1.2. Hoteli kadhaa za Diani na Malindi zilifungwa, wapishi na wahudumu wakarudi kijijini bila marupurupu. Si mara ya kwanza. Mei 2003, British Airways ilisimamisha safari zake za Nairobi kwa zaidi ya mwezi mzima baada ya onyo la ugaidi, na wakulima wa maua wa Naivasha wakajifunza kwamba waridi nalo linahitaji ndege.

Nisieleweke vibaya. Hofu ile haikuzuka hewani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 katikati ya Nairobi, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini. Shambulio la hoteli ya Kikambala, Pwani, lilifuata Novemba 2002. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia jumba la maduka la Westgate, na mpaka siku ya nne watu 67 walikuwa wamekufa. Mmoja wao alikuwa Kofi Awoonor, mshairi wa Ghana, mzee wa miaka 78, aliyekuja Nairobi kwa tamasha la vitabu. Huyu alikuwa mgeni wetu hasa. Alikuwa na wenyeji, alikuwa amealikwa, alikuwa anaheshimika, na alikufa akiwa dukani mchana wa Jumamosi. Kila ninapotaka kuwacheka wanaoogopa Nairobi, namkumbuka yeye, na kicheko kinaniisha.

Lakini weka hesabu mbili kando kwa kando. Mwaka 2023 barabara za Kenya ziliua watu 4,324 kwa takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Gawanya kwa wiki 52. Kila wiki barabara zetu zinaua zaidi ya waliouawa Westgate kwa siku zote nne. Mgeni anayeogopa kwenda Eastleigh kula nyama ya ngamia atapanda teksi usiku kwenda Naivasha bila kufunga mkanda. Nasi tunaomwonea mgeni huyo huruma tunapanda matatu yenye tairi lililokwisha, tena tunamhimiza dereva aongeze mwendo. Waswahili walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na ni kweli. Ila kunguru wa siku hizi anakimbia mwewe kisha anatua kwenye nyaya za stima.

Hapo ndipo nawaomba tubadilishe swali. Badala ya kuuliza nchi gani ni salama, tuulize: nikifika kule, nani ana wajibu juu yangu? Mtalii wa 2014 alikuwa na watu watatu nyuma yake, serikali, kampuni na bima, na wote walikuwa na sababu ya kumfuata mpaka ufukweni. Huo ndio uliokuwa usalama wake, kuliko walinzi wa hoteli. Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1896, Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, na simulizi lake lilichapishwa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Mtu wa lugha yetu ya Kiswahili, katika baridi ya Siberia, bila ubalozi, bila bima. Alikwenda na kurudi kwa sababu kila alipofika palikuwa na mtu wa kumuulizia. Misafara ya bara nayo ilikwenda hivyo: hukuingia mji wa mtu kabla ya kupata mwenyeji, na mwenyeji akikukubali, ubaya uliokupata ulikuwa aibu yake.

Na sasa nawageukia wale wasio na kampuni ya kuwafuata.

Binti zetu wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani wanasafiri kwa mpango uitwao kafala. Kwa mpango huo, mwajiri ndiye mdhamini wa mfanyakazi mbele ya sheria: bila yeye hana ruhusa ya kukaa, na mara nyingi bila idhini yake hawezi kubadili kazi. Tazameni mtego ulivyotegwa. Mtu mmoja ndiye mwenyeji, ndiye mwenye nyumba, ndiye mlipaji, na ndiye mlinzi. Akiwa mwema, binti anajenga nyumba kwao Bungoma na kusomesha ndugu zake. Wako wengi wa namna hiyo, tena wengine wamekaa humu ndani, na sitaki kuwasemea vibaya waajiri wao. Akiwa mbaya, hakuna wa pili. Pasipoti iko kabatini mwake. Simu imechukuliwa siku ya kwanza. Binti akitoroka, mwajiri anaripoti kwamba ametoroka, na kuanzia saa hiyo aliyedhulumiwa ndiye mvunja sheria. Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya kafala Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mabadiliko yale. Yaani mlango ulifunguliwa kwa wote isipokuwa waliofungiwa ndani.

Mwaka huohuo wa 2021, Wizara yetu ya Mambo ya Nje iliwaeleza wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi. Wengi, ilisemwa, walikufa kwa moyo kusimama. Mimi si daktari, lakini moyo wa binti wa miaka 26 aliyepimwa afya kabla ya kupanda ndege hausimami hivi hivi, na familia nyingi hazikukubali maelezo hayo. Serikali ilikuwa imewahi kuzuia safari hizi mwaka 2012, ikaja kuzifungulia tena. Wakati wa zuio watu hawakuacha kwenda. Walipitia njia za panya, tena bila hata jina lao kuandikwa mahali. Kupiga marufuku ni kuogopa kwa niaba ya mtu kisha kumwacha aende peke yake.

Beirut ilituonyesha jambo hili mchana kweupe. Agosti 2020, uchumi wa Lebanoni ukiwa umeanguka na bandari ikiwa imelipuka tarehe 4, wanawake wa Kenya waliofukuzwa kazi walikwenda kukaa nje ya ofisi ya uwakilishi wa Kenya mjini humo, na magodoro na masanduku, wakitaka kurudishwa kwao. Kenya haikuwa na ubalozi kamili Lebanoni. Ilikuwa na mwakilishi wa heshima tu, na ubalozi uliohusika ulikuwa Kuwait. Jiulize: kama una binti Beirut na mji umelipuka, unampigia nani? Hilo ndilo lililopaswa kuandikwa kwenye tahadhari kwa herufi kubwa, kabla ya habari za vita na makombora: hapa huna mwenyeji.

Msidhani mambo haya ni ya Waarabu peke yao. Aprili 2020, kule Guangzhou, Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizokuwa wamezilipia kodi na kukataliwa hotelini, kwa madai ya korona, wengine wakalala nje. Wakenya walikuwamo. Miezi miwili kabla, sisi ndio tuliokuwa tukiwaogopa Wachina waliokuwa wakishuka Jomo Kenyatta. Msafiri husahau kwamba naye huogopwa. Na hapa kwetu, Aprili 2014, katika msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, Wasomali wa Eastleigh walikusanywa kwa maelfu, wengi wakashikiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kati yao walikuwamo Wakenya wenye vitambulisho. Walifanywa wageni bila kusafiri.

Kisha kuna majirani. Mei 2025, wanaharakati wawili, Mkenya Boniface Mwangi na Mganda Agather Atuhaire, walikwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu. Walikamatwa, na siku chache baadaye wakapatikana wametupwa mpakani, kila mmoja kwenye mpaka wa nchi yake, wote wakisema waliteswa. Safari ya Dar kwetu ni ya basi tu. Hakuna mzazi anayefunga kula kwa ajili yake. Naitaja kwa sababu moja tu. Mtalii aliyekuwa Zanzibar wiki ileile alikuwa salama kabisa, akila urojo Forodhani. Nchi ni ileile. Kilichotofautiana ni kilichompeleka kila mmoja, na nani kule alitaka aondoke salama.

Ndiyo maana sitawapa orodha ya nchi za kwenda na za kutokwenda. Ninayo maombi, na la kwanza ni kwa serikali. Tahadhari za Kenya kwa Wakenya hutoka mara kwa mara, na nyingine zimeokoa watu. Maonyo ya mwaka 2022 juu ya kazi za uongo za Thailand, ambazo ziliwafikisha vijana wetu kwenye kambi za utapeli Myanmar, yalikuwa ya haki na ya wakati. Lakini huandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, huku anayehitaji kuonywa yuko Mumias akisikiliza redio. Ziandikwe kwa Kiswahili, zisomwe redioni, zitaje mtego kwa jina lake na namba ya kupiga, na kila mji wenye maelfu ya wafanyakazi wetu uwe na ofisa wetu anayelala palepale, si nchi ya jirani.

La pili ni kwenu wazazi, maana jioni hii mtarudi nyumbani na wengine mna mtoto aliyefungasha sanduku. Hakikisheni wakala wake amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kuuliza hakuna gharama. Toeni nakala ya pasipoti na ya mkataba, mbaki nazo. Mkubaliane neno moja ambalo akilitaja kwenye simu, hata mwajiri akiwa anasikiliza, mtajua mambo yameharibika. Na akishafika, msimuulize kama yuko salama, kwa sababu atawajibu kwamba yuko salama ili mlale. Muulizeni anakolala panaitwaje, pasipoti yake iko mkononi mwa nani, na mbali na mwajiri wake, kule anamjua nani. Akikosa jibu la swali la tatu, anzeni kumtafutia mtu usiku huohuo.